Jedwali la Mbuzi na Kiti Chenye Mikono

Haya, sogezeni majamvi huku. Na wewe unayetafuna muwa, uweke chini kwanza, kelele zake zinanipotezea maneno.

Palikuwa na nchi inaitwa Tandaza. Msiniulize iko upande gani wa dunia. Mimi shule niliishia darasa la tatu, ramani niliikuta ukutani nikaiacha ukutani. Ninachojua ni kwamba si hapa kwetu. Hapa kwetu mambo kama hayo hayawezi kutokea hata kidogo, na mtu akisema yametokea, kasema yeye, mimi simo.

Watu wa Tandaza walikuwa wanapenda majedwali. Jedwali mnalijua? Ile karatasi yenye vyumba vyumba kama sega la nyuki, juu wameandika jina, idadi, hali, halafu kule chini wanajaza mstari baada ya mstari mpaka macho yanauma. Wenzetu wale waliyaweka ndani ya kompyuta. Sasa nchi nyingine, mkubwa akitaka kujua ana mbuzi wangapi, anachungulia humo humo kwenye kioo cha kompyuta, anajua, anakwenda kula. Tandaza, wapi! Kiongozi wao, Mtukufu Mwona-Mbali, alikuwa amesema kwenye hotuba, sauti imetulia kabisa: "Ndugu wananchi, jedwali lililoko ndani ya kompyuta ni wali ulioko ndani ya sufuria. Sisi hatuli mvuke. Lipakuliwe!"

Likapakuliwa. Kila mwaka mvua zikiisha kulikuwa na Siku ya Kutandika. Kila wizara inaliprinti jedwali lake lote, karatasi zinaunganishwa kwa gundi ya unga wa muhogo, halafu linatandikwa barabarani, kuanzia geti la Ikulu kuelekea uwanja wa ndege. Magari yanasimamishwa. Mwenye mgonjwa anasubiri na mgonjwa wake, mwenye maiti anasubiri na maiti wake. Mtukufu anavua viatu, anabaki na soksi nyeupe, anatembea juu ya majedwali, moja baada ya jingine, mikono mgongoni. Wananchi pembeni wanapiga makofi. Wizara yenye jedwali refu kuliko yote, mkuu wake wa majedwali anakalishwa kwenye Kiti Chenye Mikono, kwenye kivuli cha turubai, ubavuni kwa Mtukufu. Kiti hicho kinakuwa chake mpaka Kutandika kwingine, sherehe zote, misiba yote ya kitaifa. Wengine wanakaa kwenye stuli za plastiki, zile ambazo ukiinuka nazo zinainuka.

Mtaniuliza, babu, na yaliyoandikwa humo nani anayasoma? Mnaona sasa. Ndiyo maana nyinyi hamwezi kupata kazi Tandaza.

*

Wizara ya Mbuzi, mkuu wake wa majedwali alikuwa bwana mmoja anaitwa Matano. Mtu mzima, mpole, na kitambi kidogo cha heshima, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa huo jina lake Shomvi.

Shomvi alikuwa mkuu wa majedwali Wizara ya Visima. Walizaliwa mtaa mmoja, wakaingia jandoni msimu mmoja, wakaajiriwa kwa barua moja, na nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mfupi, mtu akisimama kwa vidole anaona chungu cha mwenzake kinapika nini. Na Kiti Chenye Mikono, mwaka nenda mwaka rudi, anakaa Shomvi.

Isingemuuma sana kama Shomvi angekuwa na maringo. Mtu mwenye maringo unamchukia vizuri, unageuka upande wa pili, unalala. Lakini Shomvi hana! Akichinja, anapitisha paja juu ya ukuta. "Ndugu yangu Matano, pokea hii, mwambie shemeji Mwanaidi aweke na ndizi." Matano anapokea lile paja, anakula, linamshuka kooni kama msumari.

Mwanaidi, mkewe, mwanamke hana baya, na yeye alikuwa anamtia chumvi kwenye kidonda bila kujua. Televisheni ikiwaonyesha wakubwa wamekaa: "Ehee! Muone shemeji Shomvi! Kile kiti kimemkubali jamani. Tazama viwiko vyake vilivyotulia."

Viwiko! Matano akawa anaota viwiko. Ofisini, kwenye kiti chake kisichokuwa na mikono, anainua viwiko kidogo hewani, anaviacha pale, anajipima. Makarani wakaanza kunong'ona kwamba bwana mkubwa ana jipu kwapani.

Na si kwamba alikuwa hajitahidi. Alikuta wizara inaandika "mbuzi wa kijiji fulani, wengi". Akakataa. Akampa kila mbuzi mstari wake. Halafu kila pembe ikapewa mstari wake, ya kulia mbali, ya kushoto mbali. Halafu ndevu. Akaongeza mbuzi waliochinjwa, kwa sababu bado wanakumbukwa. Akaongeza mbuzi wanaotarajiwa. Akakuza herufi mpaka neno "beberu" haliingii ukurasa mmoja, "be" inabaki huku, "beru" inavukia ukurasa wa pili. Siku ikifika, wanatandika, wanapima: Visima mbele.

Maana Shomvi naye hakulala. Kisima kimoja alikiandikia kamba yake, ndoo yake, mafundo ya kamba, na wageni rasmi waliokizindua. Na kule Tandaza kisima kimoja kinazinduliwa na waziri, kinakuja kuzinduliwa na mke wa waziri, kinazinduliwa tena uchaguzi ukikaribia, na Mtukufu mwenyewe akipita njia hiyo na ana nafasi, anakizindua kidogo. Jedwali lisiwe refu kwa nini?

*

Majedwali yote ya nchi yalichapwa sehemu moja, Nyumba ya Taifa ya Kuchapia, na aliyekuwa akiishika ile kompyuta ni mama mmoja wa makamo, Bi. Tausi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa cherehani, hamjali waziri wala mfagiaji. Mwaka huo ninaowaambia, Matano akamwendea mchana, kabeba korosho kwenye karatasi.

"Bi. Tausi, dada yangu, hujambo? La Visima mwaka huu limefikia wapi?"

"Siri ya serikali."

"Kidogo tu."

"Korosho zimekaangwa?"

"Zimekaangwa, zina pilipili."

Bi. Tausi akatia moja mdomoni. "Bado sijaliprinti, ndiyo linafuata. Lakini nimeliona. Bwana Matano, usijisumbue. Litatoka magunia na magunia. Na hapo nasema upande wa kushoto peke yake."

"Upande wa kushoto? Kwani jedwali lina upande?"

"Miaka yote hiyo hujui? Jedwali pana, karatasi nyembamba. Haliwezi kuingia lote. Basi mashine inatoa kwanza safu za kushoto, kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho wa nchi nzima. Ikimaliza ndiyo inarudi juu kutoa zile za kulia zilizobaki. Sasa hizo za kulia zinapotoka, magunia yamejaa, gundi imepimwa, watu wamechoka. Tunaziacha."

"La Visima kulia kuna nini?"

"Safu moja tu. Imeandikwa 'Kina maji?'"

"Na karatasi zake zinakwenda wapi?"

Bi. Tausi akaelekeza kidevu dirishani. Nje kulikuwa na muuza karanga. Matano akatazama vile vifuko vya karanga vilivyopangwa kwenye ungo, kila kimoja kina maandishi yaleyale yakishuka chini: Hapana. Hapana. Hapana. Hapana.

Msidhani ilikuwa siri. Foleni ya watu wenye ndoo tupu ilikuwa inapita pale pale mbele ya Wizara ya Visima, na walinzi waliisalimia. Watu wote Tandaza walijua visima havina maji. Ni jedwali tu ndilo lilikuwa halijui.

Lakini Matano hakuwa na habari na maji. Jicho lake lilikuwa limenasa kwenye kioo cha kompyuta, pembeni, kwenye kitufe kidogo.

"Na hiki cha nini?"

"Hicho usikiguse! Hicho kinalibana jedwali lote liingie ukurasa mmoja. Kushoto, kulia, juu, chini, vyote humo humo. Mtu akikibofya, kazi ya mwaka mzima inatoka kama uchafu wa nzi." Bi. Tausi akainuka, akajinyoosha mgongo. "Nakwenda kunywa chai. Ukae hapo uniangalizie, mbu wa humu wanapenda kukalia vitufe."

Jamani! Mtu ana kiu ya miaka, wewe unamwachia mtungi umwangalizie. Matano akabaki yeye na kile kitufe. Akatazama mlangoni. Akaona viwiko vya Shomvi. Akatazama dari. Viwiko. Akafumba macho, na humo ndani nako Mwanaidi anasema, "Kile kiti kimemkubali." Kidole kikaenda chenyewe, ndivyo alivyojieleza baadaye, kidole kilikwenda chenyewe.

Bi. Tausi akarudi, akaamuru mashine itoe la Visima. Ikakohoa mara moja, ikatema karatasi moja. Mngekuwa nyinyi mngeshtuka. Lakini kazi ya Bi. Tausi kwenye barua yake ya ajira ilikuwa kutia guniani kinachotoka. Kilichotoka ni kimoja. Akatia kimoja, akafunga gunia, akapiga lakiri ya serikali. Na gunia likishapigwa lakiri, anayelifungua kabla ya kufika mbele ya Mtukufu anakwenda jela yeye na aliyemshikia taa.

*

Asubuhi ya Kutandika, Shomvi akachomoza kichwa juu ya ukuta, kakonda ghafla.

"Ndugu yangu Matano, nina wasiwasi. Gunia langu jepesi. Nimelitikisa, linalia kama lina jani moja."

"Karatasi za kisasa hizo," akasema Matano, anafunga vifungo vya shati. "Nyepesi sana siku hizi."

"Kweli eh?"

"Kweli kabisa."

"Asante ndugu yangu, umenituliza."

Na Matano, Mungu amsamehe, akaondoka nyumbani anapiga mluzi.

Barabarani shughuli ilikuwa imeiva. Kina mama wa gundi wanakoroga masufuria, wanapaka, wanaunganisha, wengine wanaweka mawe pembezoni upepo usije ukaipeleka takwimu nchi jirani. Jedwali la Mbuzi lilitanda hilo! Likapita hospitali, likapita soko, likapanda mlima likateremka upande wa pili. Mbuzi mmoja wa kweli alitoka uchochoroni akala mistari ya mwanzo, akiwemo, wanasema, mama yake mzazi. Haikupunguza kitu. Matano akawa anatembea pembeni ya jedwali lake na viwiko vimekwisha kuinuka.

"Visima!" akaita mpiga mbiu.

Shomvi akavunja lakiri mbele ya watu wote. Akaingiza mkono. Akauingiza mpaka begani. Akatoka na karatasi moja, na juu yake kuna kitu kama vumbi la makaa.

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, wa pili akadaka, kikazuka kicheko kile cha kushikana mabega. Matano alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa hajacheka hivyo tangu utoto.

Sasa lazima niwaambie kitu kuhusu Mtukufu. Alikuwa amezeeka. Miguu ina sugu, na lami ya saa sita ilikuwa inapita soksi kama haipo. Asubuhi ile alikuwa ametoka getini, akatazama jedwali la Mbuzi linavyopotelea kule mlimani, akavuta pumzi kama mtu aliyeonyeshwa shamba la kulima peke yake. Alipoona Shomvi kapiga magoti na karatasi yake mkononi, akasimama.

"Hiki nini?"

"Mtukufu, ndilo... ndilo jedwali la Visima."

"Lote?"

"Lote, Mtukufu. Naona ni lote."

"Visima vyote vya nchi hii viko humo?"

"Vimo, Mtukufu. Vimebanana."

Mtukufu akaitazama ile karatasi, akautazama mlima, akairudia karatasi. "Kwa hiyo nikilikanyaga hili, nimemaliza?"

Akainua mguu mmoja, soksi nyeupe, akaweka. Soksi ikafunika karatasi yote, na kisigino kikabaki nje.

"Nimemaliza!" akapiga kelele. "Wananchi, nimemaliza Visima!" Watu wakapiga makofi, maana wakipigiwa kelele wao hupiga makofi. "Miaka yote hii mnanitembeza juani kama mpeleka barua, kumbe inawezekana! Huyu ndiye mtaalamu! Huyu amelichukua taifa, amelikunja, amelitia mfukoni! Kuanzia leo ubora wa jedwali ni ufupi, na warefu wote watajifikiria upya. Mpeni kiti!"

Wakampa Shomvi kiti. Akakaa, bado haelewi, na viwiko vyake vikatua pale pale kwenye mikono ya kiti, vimetulia.

Hapo ndipo Matano alipopasuka.

"Mimi!" akaruka mbele, anajipiga kifua. "Ni mimi niliyelibana! Shomvi hajui lolote! Kitufe nilibofya mimi, kwa kidole hiki, muulizeni Bi. Tausi aliyekwenda kunywa chai! Sifa ni zangu! Kiti ni changu!"

Kimya kikaanguka pale, mpaka tukasikia, mpaka wao wakasikia, masufuria ya gundi yanatokota. Kuharibu jedwali la wizara nyingine kule ni kosa la kunyongwa, na huyu kalitangaza mwenyewe. Mkuu wa walinzi akashika mkanda.

Lakini Mtukufu akatabasamu. "Mwacheni. Nimetawala nchi hii tangu nina meno yangu. Sijapata kusikia mtu wa serikali akisema 'ni mimi niliyefanya'. Daraja likianguka, limeanguka lenyewe. Fedha zikipotea, zimepotea zenyewe. Sasa huyu atasemaje ni yeye? Haiwezekani. Huu ni wivu, umemlemea. Tumtafutie kazi ndogo ya kumtuliza roho."

Matano kasema kweli kwa mara ya kwanza kwenye utumishi wake, na hawakumwamini.

*

Sasa kukawa na tatizo jipya. Siku nzima ilikuwa imetengwa kwa kutembea, na kutembea kumekwisha kwa hatua moja. La Mbuzi na mengine yote Mtukufu alikataa hata kuyatazama. Chakula hakijaiva. Wakubwa wakatazamana. Mshauri mmoja kijana kijana hivi, ameajiriwa juzi, akainama akasema, "Mtukufu, labda... tulisome."

Watu wakashtuka kama mtu ametukana. Mtukufu akafikiri. "Ni wazo geni. Lakini karatasi yenyewe ni moja. Litachukua muda gani? Lisomwe!"

Ila Mwona-Mbali, kama jina lake lilivyo, alikuwa anaona mbali. Karibu haoni kitu. Wakakimbilia Idara ya Ramani, wakaleta kioo kikubwa cha kukuzia maandishi, mduara wake kama sinia la pilau. Wakasogea nje ya turubai, maana kivulini herufi zilikuwa hazionekani. Karatasi ikawekwa kwenye meza mbele ya Shomvi na kiti chake. Na nani atashika kioo?

"Yule wa wivu," akasema Mtukufu. "Akae karibu na kiti, apoe."

Basi Matano akasimama juani, kioo mikononi, kiti hatua moja kutoka tumboni mwake. Mtukufu akainamia, kivuli cha kichwa chake kikaangukia karatasi, akasoma kwa sauti.

"Kisima cha kwanza. Kimezinduliwa na waziri. Kimezinduliwa na mke wa waziri. Kimezinduliwa na... ahaa! Na mimi. Kina maji?" Akasogeza pua. "Hapana."

Makofi machache, yakafa.

"Kisima cha pili. Kimezinduliwa na mimi. Tena na mimi. Kina maji? Hapana. Cha tatu... Hapana. Cha nne... Hapana."

Mmeelewa kilichotokea? Ile safu ya kulia, iliyokuwa ikifungia karanga miaka yote, safari hii imebanwa humo humo na wenzake. Jedwali nalo limejua.

Mtukufu akainua kichwa pole pole, akamkazia macho Shomvi. "Shomvi. Hii hapana. Ni hapana ipi hii?"

Shomvi akapauka. Na viwiko vyake, wajukuu zangu, vile viwiko, kimoja kikateleza kutoka kwenye mkono wa kiti, halafu cha pili.

Ee bwana wee! Matano alihisi ubaridi wa raha unamshuka mgongoni. Hakuangalia karatasi. Hakuangalia kioo. Macho yake yote mawili yalikuwa kwenye ile mikono ya kiti, iko mitupu, inamsubiri yeye. Akawa amekwisha kukaa, moyoni. Akawa anachagua aanze kuweka kiwiko kipi.

Na kichwa cha Mtukufu kilikuwa kimeinuka, kivuli kimeondoka. Jua la saa sita likaingia kwenye kile kioo cha sinia, likajikusanya, likashuka kwenye karatasi tone moja jeupe. Tone likakaa kwenye safu ya kulia. Kukatoka uzi wa moshi.

"Shomvi, nakuuliza," akasema Mtukufu.

"Mtukufu," akasema Shomvi, "inawaka."

Ikalipuka. "Maji!" wakapiga kelele walinzi. "Leteni maji!" Watu wote waliokuwa barabarani wakainua ndoo zao juu, msitu wa ndoo, zote tupu, wanazionyesha tu. Ni mama mmoja wa gundi aliyekimbia na sufuria lake akalimwaga mezani. Moto ukazimika. Karatasi ikawa uji mweusi, na Shomvi suruali yake ikaanza kugandana na kiti.

Mtukufu akachungulia ule uji. "Iko wapi ile hapana?"

Mshauri kijana, aliyekuwa ameshajifunza kazi, akasema, "Haipo tena, Mtukufu."

"Ilikuwepo, nimeiona."

"Ilikuwepo, Mtukufu. Imetatuliwa."

"Tukiwa tunaangalia?"

"Tukiwa tunaangalia."

Machozi yakamlenga Mtukufu. "Wengine wananiletea matatizo na kuyaacha pale pale. Huyu ameniletea, na kabla sijakasirika yamekwisha. Shomvi, wewe ni Waziri wa Visima."

Makofi, vigelegele, ngoma. Walipokuwa wanambandua Shomvi kwenye kiti, akamshika Matano mkono, machozi yanamtoka, akamnong'oneza: "Nimeona ulivyokielekeza kile kioo. Umeniokoa maisha. Asante, ndugu yangu."

Matano alipewa kibarua cha kulikunja jedwali la Mbuzi lote, mpaka kule uwanja wa ndege, ili magari yapite.

*

Alifika nyumbani mgongo umepinda. Mwanaidi akampokea anacheka.

"Shemeji Shomvi kapita hapa, waziri mzima, kapita kwa miguu! Kasema wewe ndiye uliyemfikisha pale, bila wewe asingekuwa mtu. Kweli, mume wangu?"

Matano akatafuta jibu. Kweli ilikuwepo, na uongo ulikuwepo, na vyote viwili vilikuwa na sura ya Shomvi. Akasema tu, "Kweli."

"Basi kakuletea zawadi. Tazama."

Pale uani, gundi yake imefutwa vizuri, kilikuwepo Kiti Chenye Mikono.

Matano akakizunguka. Akakigusa. Akakaa taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto. Akaweka kiwiko cha kulia. Akaweka cha kushoto. Vikatulia. Mwanaidi akarudi nyuma kumtazama, akashika kiuno. "Jamani! Kimekukubali!"

Matano akafumba macho. Upepo mdogo ukapita. Kwa muda mfupi kule Tandaza kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakutaka kitu.

Halafu akasikia sauti ng'ambo ya ukuta, nyii, nyii, laini, kama chuma kilichotiwa mafuta, na Shomvi anacheka peke yake kama mtoto. Matano akavumilia. Nyii, nyii. Akainuka, akapanda juu ya Kiti Chenye Mikono, mguu mmoja kwenye mkono wake huu, mwingine kwenye mkono wake ule, akachungulia. Kule uani, Mheshimiwa Waziri alikuwa amekaa kwenye kiti kipya cha uwaziri, cheusi, cha ngozi, mguu wake mmoja wa chuma katikati, na anajisukuma kwa kidole cha mguu, anazunguka, anazunguka, miguu hewani.

"Ndugu yangu Matano!" akapunga mkono alipopita upande huo, akaenda, akarudi tena. "Umekipenda?"

Matano akashuka. Akakitazama kile kiti alichokitamani mpaka viwiko vikaota sugu za hewa. Akakisukuma kidogo kwa mguu. Hakikujongea.

"Mwanaidi," akaita, "hiki mbona hakizunguki?"

Haya. Mwenye muwa wake auokote.